Jibu la mtaalamu: Wageni wa Madrid, redio ya gari na wimbo wa mwaka 1980

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha. Kihispania nimejifunza mwenyewe, sehemu kubwa kupitia nyimbo za kwenye simu. Mwezi uliopita nilikuwa na familia kutoka Madrid: babu, wazazi, na mabinti wawili wa chuo. Nikawawekea Despacito na Shakira nikidhani nawafurahisha. Wakatabasamu kwa adabu, kisha baba akaunganisha simu yake kwenye redio ya gari, ukaanza wimbo wa magitaa wa bendi inayoitwa Nacha Pop. Waliimba wote, kuanzia babu hadi binti mdogo, neno kwa neno. Nilipouliza wakasema ni wa mwaka 1980. Kwani muziki wa Uhispania si huu wa Kilatini tunaoujua? Huo wa magitaa si kopi tu ya Waingereza? Inakuwaje binti wa miaka 20 aujue wimbo wa zamani hivyo? Bado unapigwa, au regetoni ya akina Despacito imeshaumaliza? Na naweza kuutumia kujifunzia lugha? Nataka nijipange kabla ya wageni wa Julai."

Marahaba, ndugu yangu. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua si wimbo mmoja. Ulidhani unawajua wageni wako kwa sababu unajua lugha yao kidogo, halafu wakakugeuza mgeni ndani ya gari lako mwenyewe.

Usijilaumu. Huku kwetu sauti ya Kihispania ilifika kwanza kwa njia ya Cuba, kwenye santuri zilizoingia Kongo kabla ya uhuru, na wanamuziki wa Leopoldville, Kinshasa ya leo, wakaimba maneno yenye mlio wa Kihispania hata pale walipokuwa hawakijui. Baadaye ikaja Macarena, ukaja na wimbo wa Las Ketchup. Waimbaji wa nyimbo hizo wote ni watu wa Andalusia, kusini mwa Uhispania halisi, ila hakuna anayewaita wanaroki. Despacito ya mwaka 2017 ni ya Puerto Rico. Shakira ni wa Barranquilla, Kolombia. Ukikutana na Maná, hao ni Wamexico wa Guadalajara, na Soda Stereo walikuwa vijana wa Buenos Aires. Mtu wa Madrid nyimbo hizo anazijua na harusini anazicheza. Lakini fikiria mgeni akuwekee wewe wa Arusha nyimbo za Kinshasa akiamini ndio muziki wa kwenu: utatikisa kichwa, pengine utacheza, ila hazitakurudisha ulikokulia.

Hilo la kopi lina ukweli nusu. Miaka ya 1960 bendi za Uhispania zilijaa tele, na wapo wanaodhani Jenerali Franco, dikteta wa nchi hiyo, aliipiga roki marufuku. Hakuipiga. The Beatles walipiga Madrid na Barcelona Julai 1965, tena kwenye viwanja vya kupigania ng'ombe. Serikali ilichokuwa nacho ni wakaguzi: mashairi yalisomwa, majalada ya santuri yalikaguliwa, na wimbo ungeweza kukatwa kwa neno moja. Katika hali hiyo usalama ulikuwa kuimba mapenzi mepesi, au kuimba Kiingereza. Los Bravos walipotoa Black Is Black mwaka 1966, ikapanda hadi namba 2 Uingereza na namba 4 Marekani, iliimbwa kwa Kiingereza, tena na mwimbaji Mjerumani. Miguel Ríos wa Granada naye alivuma duniani mwaka 1970 kwa kuimba melodi ya Beethoven, mtunzi wa kale wa Kijerumani, kwa Kiingereza. Walikuwa mahodari. Ila soko la nje liliwataka wasisikike Wahispania.

Na kulikuwa na kikwazo cha ufundi ambacho hakisemwi sana, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Roki ilizaliwa ndani ya Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja. Usiku, moyo, upendo, wewe: kwa Kiingereza kila moja ni pigo moja la ngoma, na mstari unafungwa kwa kishindo. Kihispania hakiendi hivyo. Noche, calle, chica, quiero: mkazo unakaa mbele na nyuma yake inabaki silabi dhaifu inayoning'inia. Ukiweka maneno hayo juu ya melodi ya Kiingereza, ama unaukandamiza mkazo mahali pasipo pake na msikilizaji anacheka, ama mstari unakwisha umelegea. Sisi wa Kiswahili tatizo hili tunalijua zaidi yao, maana mkazo wetu karibu wakati wote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana waimbaji wetu wa Bongo Fleva huvuta vokali ya mwisho au huongeza "eeh" ili mstari upate mahali pa kutua.

Wahispania walikuwa na mlango wa kutokea: yapo maneno yao yanayobeba mkazo mwishoni. Amor, corazón, vitenzi kama bailar na olvidar. Sikiliza roki yao kwa makini utaona mistari mingapi inatua juu ya maneno ya namna hiyo. Sababu si mahaba peke yake, ni ngoma inayodai. Wimbo uliousikia garini unaitwa Chica de ayer, "msichana wa jana". Neno la mwisho, ayer, linaangukia silabi yake ya mwisho barabara. Antonio Vega, aliyeutunga, alikuwa na sikio la namna hiyo: hakulazimisha Kihispania kiingie ndani ya gitaa la Kiingereza, aliyaacha maneno yaiongoze melodi. Mtu akikuambia ni kopi, mwambie vifaa vilikuwa vya kuazima, hesabu ya silabi ilikuwa ya kwao.

Wako waliopita njia nyingine. Triana wa Sevilla, kwenye albamu yao ya mwaka 1975, walichukua ile ngazi inayoshuka ya flamenco, muziki wa asili wa Andalusia, La ndogo, Sol, Fa, hadi Mi, wakaiweka chini ya kinanda na gitaa la umeme. Kama unataka roki ambayo isingeweza kutoka London hata kidogo, anza na hao.

Sasa tuje mwaka wenyewe. Franco alikufa Novemba 1975. Katiba mpya ilipatikana 1978, na Aprili 1979 miji ikachagua mabaraza yake kwa kura. Tarehe 9 Februari 1980, kwenye chuo cha wahandisi wa barabara jijini Madrid, bendi changa zilikusanyika kumkumbuka Canito, mpiga ngoma wa kundi la Tos, aliyekufa kwa ajali ya barabarani. Nacha Pop walikuwepo, na Alaska y los Pegamoides, na Tos wenyewe, ambao muda mfupi baadaye walijiita Los Secretos. Wengi wao hata kupiga vizuri walikuwa bado. Onesho hilo la msiba ndilo linalotajwa kama mwanzo wa kile kinachoitwa la Movida, yaani ile purukushani ya Madrid ya miaka ya 1980: klabu ya Rock-Ola, kampuni ndogo za santuri kama DRO zilizoanzishwa na wanamuziki wenyewe, na meya mzee, profesa Enrique Tierno Galván, aliyeamua kuwaunga mkono vijana badala ya kuwafukuza mitaani.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata watu wa kwao hulifanya, la kudhani nyimbo hizo zilikuwa za mapambano. Nyingi hazikuwa. Kizazi kilichotangulia, watunzi wenye gitaa moja kama Joan Manuel Serrat, ndicho kilichobeba siasa. Serrat aliondolewa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, mwaka 1968 kwa kutaka kuimba Kikatalani, lugha ya kwao Catalonia. Hawa wa 1980 walichoshwa na hotuba. Waliimba habari za disko, vipindi vya televisheni, msichana asiyepiga simu. Chica de ayer inataja baa iliyopo kweli, el Penta, mtaa wa Malasaña. Mtu aliyezoea nyimbo za ukombozi ataona ni upuuzi mtupu. Kwangu mimi huo upuuzi ndio habari: watu ambao wazazi wao walipima kila neno kabla ya kulitamka, sasa wanaimba jambo lisilo na maana yoyote na hakuna anayegonga mlango. Nisikufiche pia kwamba maisha yale ya usiku yalikuwa na gharama. Heroini iliingia Uhispania kwa nguvu miaka hiyo hiyo na ikawamaliza vijana wengi, wanamuziki wakiwemo. Ukimwona mgeni wa miaka 60 ananyamaza katikati ya wimbo, huenda ana mtu anayemkumbuka.

Na Madrid haikuwa peke yake. Vigo walikuwa na Siniestro Total, wachokozi wakubwa. Barcelona ilitoa El Último de la Fila. Nchi ya Wabaski, watu wa kaskazini wenye lugha yao, ndiko siasa ilikobaki moto, kwa Kortatu na La Polla Records. Zaragoza ikatoa Héroes del Silencio, ambao albamu yao ya 1990, Senderos de traición, iliwafungulia Ujerumani wakiwa wanaimba Kihispania kitupu. Hilo lilikuwa jambo jipya. Miaka 24 kabla, Los Bravos walivuka mpaka kwa Kiingereza.

Umeuliza binti wa miaka 20 ameutoa wapi wimbo huo. Jibu la haraka ni "kwa wazazi", lakini wazazi wa kila nchi wana nyimbo zao na si kila mtoto anazijua. Mwanzoni televisheni ilichangia sana. Kwa karibu muongo mzima wa 1980 nchi ilikuwa na chaneli mbili tu za taifa. Stesheni binafsi zilianza kushamiri mwaka 1990. Bendi ikionekana usiku mmoja, kesho yake inajulikana kuanzia Cádiz hadi Bilbao. Alaska aliingia hadi kwenye kipindi cha watoto, La bola de cristal, kwa hiyo waliokuwa na miaka saba wakati huo walikua naye.

Lakini kilichozitunza nyimbo hizo ni sherehe za vijijini. Kila mji na kijiji cha Uhispania kina mtakatifu wake na wiki yake ya sherehe, nyingi majira ya joto, na baraza la mji ndilo linalolipa muziki. Mabaraza yaliyochaguliwa mwaka 1979 yalianza kukodi bendi za roki kwa fedha za umma, watu wakaingia bure uwanjani. Bendi nyingi za miaka ya 1980 ziliishi kwa mikataba hiyo kuliko kwa mauzo ya santuri. Kijiji kisichomudu bendi yenye jina hukodi okestra inayopiga nyimbo za bendi nyingine, na okestra hiyo hadi leo, saa nane usiku, bibi yupo, wajukuu wapo, inapiga Nacha Pop, Mecano na Hombres G moja baada ya nyingine. Binti yule wa chuo hakuujifunza wimbo ule kwenye simu. Kila Agosti alikuwa uwanjani kijijini kwa babu yake. Ni zilipendwa, ila za kuchezwa na rika zote kwa pamoja.

Mecano nitawataja peke yao kwa sababu mbili. Kwanza, walikuwa wakubwa kuliko wote kimauzo, ndugu wawili wa ukoo wa Cano na mwimbaji Ana Torroja, na walivuka hadi Ufaransa na Italia kwa kurekodi upya nyimbo zao katika lugha za huko. Wimbo wao juu ya wanawake wawili wanaopendana ulifika namba moja Ufaransa mwaka 1990. Pili, kuna wimbo wao, Hijo de la luna, wa mwaka 1986, ambao sauti yake inafanana na bembelezi ya mtoto na wageni huuomba sana. Ujue maneno yake kabla hujauweka. Ni kisa cha mtoto mwenye ualbino. Baba anadhani amedanganywa, anamuua mke wake na kumtupa mtoto mlimani. Kwa nchi yetu, baada ya yote waliyotendewa watu wenye ualbino, mimi nisingeuweka garini bila kuwa tayari kwa mazungumzo yatakayofuata.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka. Sehemu ya vijana walirudi kuimba Kiingereza, Dover wakiuza vizuri sana mwaka 1997, huku Los Planetas wa Granada wakishikilia Kihispania kwa sauti ya kujikunja ndani ya kelele za magitaa. Extremoduro waliandika mashairi makali ambayo wafuasi wao wanayajua kwa moyo. Jarabe de Palo, kwa La flaca ya 1996, waliichanganya roki na Cuba. Radio Futura ndio waliokuwa wamewafungulia njia: walirekodi albamu yao ya 1987 jijini New York, na mwimbaji wao Santiago Auserón baadaye akaizamia son, muziki wa asili wa Cuba, kama mtafiti. Sikio lako lililozoea rumba litawapokea Radio Futura kabla ya wengine wote, nakuhakikishia.

Kisha ikaja pop-roki laini, na hiyo ndiyo iliyotawala redio mwanzoni mwa miaka ya 2000. La Oreja de Van Gogh wa San Sebastián, Amaral wa Zaragoza na albamu yao Estrella de mar ya 2002, El Canto del Loco wa Madrid, na Estopa waliochanganya gitaa la rumba ya Kikatalani na lugha ya viwandani. Wahakiki waliwadharau baadhi yao kuwa ni watamu mno. Sikubaliani nao kabisa. Sikiliza Jueves ya La Oreja de Van Gogh: wimbo wa mapenzi ndani ya treni, polepole, hadi unapogundua kwamba treni hiyo ni ya Madrid, tarehe 11 Machi 2004, siku mabomu yalipolipuka ndani ya treni za jiji hilo. Huo nao usiuweke kwa mgeni wa Madrid kama burudani ya safari. Uache auombe mwenyewe.

Je, regetoni imeumaliza? Ukipima kwa chati za simu utasema ndiyo. Nyimbo zinazosikilizwa zaidi Uhispania leo nyingi ni za regetoni na mitindo ya mijini inayofanana nayo, na Rosalía, aliyeibuka na flamenco kwenye El mal querer ya 2018, ana jina kuliko bendi yoyote ya magitaa ya nchi hiyo. Lakini roki ilihamia kwenye matamasha. Santuri zilipoacha kuuzika kwa sababu ya uharamia, bendi zilijifunza kuishi jukwaani. Vetusta Morla walikosa kampuni ya kuwachukua, wakaitoa wenyewe albamu yao ya kwanza mwaka 2008, na baadaye wakajaza viwanja. Arde Bogotá, ambao pamoja na jina lao ni watu wa Cartagena ya Uhispania, wamewarudishia vijana gitaa zito. Kwa hiyo binti anaweza kuwa na regetoni kwenye simu na Arde Bogotá kwenye tiketi ya Julai, wala haoni mgongano wowote.

Upangaji wako basi utegemee nani amekaa kwenye viti. Wenye miaka 50 na zaidi: Nacha Pop, Los Secretos, Duncan Dhu, Hombres G, Radio Futura. Wa 35 hadi 50: Amaral, Estopa, La flaca. Chini ya hapo, waachie simu wao. Wakiwa Wakatalani, uliza kwanza. Wana roki yao kwa Kikatalani, Sopa de Cabra na Els Pets, na watashangaa kwa furaha ukiyajua majina hayo. Roki ya Wabaski ya miaka ya 1980 imefungamana na siasa zilizomwaga damu. Kama hujui mgeni wako anasimama upande gani, iache.

Kuhusu lugha nitakuwa mkweli, maana hapa ndipo unapotafutia riziki. Nyimbo zitakusaidia matamshi. Vokali zao ni tano, a, e, i, o, u, karibu sawa kabisa na zetu, na hiyo ni faida ambayo Mwingereza hana. Nyimbo za Uhispania zitakuonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya nchi hiyo hutamka z, na c iliyo mbele ya e na i, kama "th" ya thelathini, tofauti na Puerto Rico ulikojifunzia. Lakini nyimbo zina kasoro mbili kwako. Waimbaji huunganisha vokali ya mwisho wa neno na ya mwanzo wa linalofuata, na wakati mwingine huhamisha mkazo ili ngoma ikae sawa, kwa hiyo utashika neno kwa umbo lisilo lake. La pili ni zito zaidi: wimbo wa mapenzi huongea na mtu mmoja. Utajua "wewe" kwa kila namna na hutajua "ninyi". Dereva wa watalii kazi yake yote iko kwenye "ninyi".

Simba akiwa mita chache kutoka mlangoni, unachohitaji ni "no os bajéis del coche", msishuke kwenye gari, kwa sauti tulivu na bila kutafuta maneno. Sentensi hiyo haimo kwenye wimbo wowote ninaoujua. Vivyo hivyo kuuliza nani ana mzio, nani ana presha, nani amekunywa dawa. Kwa hayo tafuta mwalimu wa ana kwa ana hapo Arusha, au mwongoza watalii mwenzako aliyebobea, mkae hata saa mbili kwa wiki kabla ya Julai, mfanye mazoezi ya amri na maswali ya afya tu. Mwambie akusahihishe papo hapo, asikuonee haya. Nyimbo ziache kwa ajili ya barabara ndefu ya kurudi kutoka Serengeti, wageni wakishachoka kupiga picha.